Mfuko wa keria hufia kwenye kulabu: kutambua na kutengeneza ubovu wa sakoshi za baiskeli katika barabara za Goma

Ukivua mfuko kwenye keria ya baiskeli iliyotembea Goma miezi mitatu, pitisha kidole kwenye bomba pale kulabu zinapokaa. Kidole kitatoka cheusi, na ukikisugua kwa kidole gumba utahisi chengachenga kama za msasa. Huo ni unga wa mawe ya volkano. Uko barabarani, uko uani, unatoka kwenye lava ile iliyoshuka mjini tarehe 17 Januari 2002, ambayo leo tunatembea na kujenga juu yake. Magari yanaisaga, upepo unaupandisha ule unga, mvua inaurusha. Ukishaingia kati ya kulabu na bomba, kila mtikisiko unausugua, na kulabu na bomba vyote viwili vinaliwa.

Nimeanza na unga huo kwa sababu karibu kila sakoshi, yaani mfuko huu wa keria, inayoletwa kwangu inakuja na lawama moja: kitambaa hakina nguvu. Mama mmoja wa Ndosho aliniwekea yake mezani akasema, "Papa, angalia, mawe yameikata." Niliigeuza. Kitambaa kilikuwa kizima, hata rangi haijapauka. Kulabu ya kushoto ilikuwa imeliwa ikabaki nyembamba kama msumari, na upande wa pili ilikuwa imeng'oka na kuchana mgongo wa mfuko. Mawe yalikuwa na hatia, ndiyo, lakini hayakupita pale alipodhani. Mtu anayechagua mfuko kwa kitambaa, rangi na idadi ya vimifuko, bila kuugeuza mgongo akaangalia unavyoshikana na keria, atanunua tena kabla ya mwaka.

Haya nayaandika kwa wanaokwenda kazini kila siku kutoka Mugunga, Ndosho au Keshero wakiwa na makaratasi na kompyuta mgongoni mwa baiskeli, na kwa wanaokwenda mbali: Sake, Rutshuru, au kando ya ziwa upande wa Rwanda, kutoka Rubavu hadi Rusizi, njia ya kilomita 227 inayoitwa Congo Nile Trail na inayokutoa mlangoni mwa Bukavu. Nimeipita na mifuko minne. Dalili nimezipanga kwa kadiri zinavyonijia, na chini ya kila moja sababu zimeanzia ile ninayoikuta mara nyingi.

Kabla ya kutafuta ubovu wowote, pima mzigo. Keria nyingi zimegongwa namba ya uzito, na namba unayoikuta sana ni kilo 25. Hiyo ni ya vyote: mfuko wa kulia, wa kushoto, na kile ulichofunga juu. Bidoni moja la lita 20 likijaa maji limeshachukua kilo 20. Mifuko nayo ina kikomo chake. Mingi mizuri haitaki kuzidi kilo 9 kila mmoja. Mtu akiniambia amebeba kilo 40 za unga na keria imekatika, sina ubovu wa kumtafutia.

Mfuko unaruka kutoka kwenye keria

Hili ndilo linaloongoza. Unashuka kutoka Katindo, gurudumu linapiga jiwe, unasikia "pa!", ukigeuka mfuko umelala barabarani. Au, vibaya zaidi, unaning'inia kwa kulabu moja na pembe yake inagonga spoki.

Mara nyingi mdomo wa kulabu ni mpana kuliko bomba. Mabomba ya keria hayalingani: kuna ya unene wa milimita 8, kuna ya 10, ya 12, mpaka 16. Kulabu nzuri hutengenezwa kwa bomba nene, kisha huja na vipande vidogo vya plastiki vya kujazia ili zibane na jembamba. Vipande hivyo ni vidogo kama ukucha, na watu huvitupa pamoja na karatasi siku ya kwanza bila kujua ni vya nini. Kujua hali yako, acha mfuko mtupu kwenye keria, ushike ubavuni si kwenye mpini, uupandishe na kuushusha. Ukisikia "tak tak", kuna nafasi, na nafasi hiyo ndiyo inayokula kila kitu. Bomba lenyewe unalipima kwa uzi: lizungushe mara moja, nyoosha uzi juu ya rula. Milimita 25 ni bomba la 8, milimita 31 ni la 10, milimita 38 ni la 12, milimita 50 ni la 16.

Kama vipande vimepotea, kata utepe wa tyubu mbovu ya baiskeli, uzungushe kwa kuukaza kwenye bomba pale tu kulabu zinapokaa, funga mwisho wake kwa uzi wa nailoni. Utepe huo unajaza nafasi na pia ndio unaoliwa badala ya bomba. Ukitoboka, weka mwingine. Tyubu mbovu hazikosekani kwa fundi wa tairi yeyote. Hata kwenye mifuko ya bei kubwa nafanya hivyo siku ileile ya kwanza.

Sababu inayofuata ni kulabu ya chini. Kila mfuko wa maana una kulabu mbili za juu na moja ya chini, inayopaswa kuingia nyuma ya mguu wa keria ili mfuko usipepee. Wengi huiacha ilivyotoka dukani. Funga mfuko, kisha vuta pembe yake ya chini kuja kwako. Ukifunguka kama mlango, legeza skrubu ya kulabu hiyo, isogeze mpaka ikutane na mguu wa keria, kaza.

Tatu, kifungio hakirudi kwa sababu kimejaa unga. Kioshe kwa maji na mswaki wa zamani, ukiache kikauke. Usikitie mafuta. Mafuta hukamata unga, na wiki ya pili utakuwa na matope magumu ndani ya kifungio.

Ikiwa yote matatu ni salama na bado mfuko unaruka, kagua kulabu kwa kucha: pitisha ukucha kwenye mkunjo wa ndani, utakwama penye ufa. Kulabu yenye ufa haishikwi kwa gundi. Inabadilishwa.

Simama hapa: mfuko au mkanda wake ukiingia kwenye spoki hata mara moja, usipande tena kabla ya kuinua gurudumu la nyuma na kulizungusha polepole huku ukigusa spoki moja moja. Spoki moja iliyopinda unaweza kuvumilia nayo mpaka nyumbani. Zikiwa mbili zimekatika, au rimu inagusa breki, au mtambo wa gia wa nyuma umeinamia spoki, sukuma baiskeli kwa mguu hadi kwa fundi. Gia ikiingia kwenye spoki ukiwa mteremkoni, gurudumu linafunga ghafla na wewe unaruka mbele.

Mgongo unachanika pale kulabu zilipofungwa

Jozi yangu ya kwanza nilinunua kwa furaha kubwa. Kitambaa kizito, mishono miwili, mkanda unaong'aa usiku. Kila mfuko ulishikwa na riveti nne zilizopita kwenye kitambaa moja kwa moja, bila bamba lolote nyuma yake. Barabara ya Sake ni kilomita kama 25 tu. Nilipofika, matundu ya riveti yalikuwa yamekwisha kuwa marefu kama punje za mchele, na nyuzi zinaning'inia pembeni. Narudi, mfuko wa kulia nimeufunga kwa mpira wa tyubu kama mzigo wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo.

Ubovu huu unatokana, kwanza kabisa, na kukosekana kwa bamba gumu mgongoni. Uzito wote unaning'inia kwenye matundu manne badala ya kutandazwa. Ukiuchagua mfuko, ukunje mgongo kwa mikono miwili: ukikunjika kama shati, uache. Sababu ya pili ni riveti zenye vichwa vidogo. Riveti ikishalegea haikazwi, boliti inakazwa. Ya tatu ni ile nafasi ya kulabu niliyoieleza juu, kwa maana mfuko unaopiga "tak tak" unang'oa kila kitu polepole hata ungekuwa na bamba la chuma.

Namna ya kuutengeneza, na kazi hii huchukua mchana mmoja: toboa riveti zote uzitoe. Kata bamba kutoka ubavu wa bidoni la manjano, tabaka mbili, lijae mgongo mzima wa mfuko ukiacha sentimita mbili kila upande, na uviringishe pembe zake kwa kisu ili zisitoboe. Liweke ndani. Kitambaa kikibaki katikati ya bamba na kulabu, kitabanwa wala hakitavutwa. Toboa matundu, pitisha boliti za milimita 5 zenye kichwa bapa, washa pana ndani na nje, na nati zenye pete ya nailoni ndani yake, zile ambazo mtikisiko hauzifungui. Ncha za boliti zielekee nje. Juu ya vichwa vyake upande wa ndani bandika kipande cha tyubu, la sivyo kompyuta yako itaandikwa mistari.

Mchano wenyewe usiufunike kwa gundi peke yake. Mpelekee fundi viatu. Yeye ana msharasi na sindano mbili, na mshono wake wa mkono, ambao kila tundu linapitiwa mara mbili, unashinda wa cherehani: uzi mmoja ukikatika wa pili bado umeshika. Mpe uzi wa poliesta, kwa sababu wa pamba huoza kwa unyevu. Mwombe ashone kisanduku chenye alama ya X katikati kila mahali mkanda unaposhika mfuko.

Tahadhari moja ya nguvu: bidoni lililobeba petroli usilikate wala kulitoboa kwa kisu au msumari uliotiwa moto. Mvuke hubaki ndani hata baada ya kuosha, na unalipuka. Chagua lililobeba mafuta ya kupikia. Na lililobeba dawa ya kunyunyizia mimea lisiguse mfuko utakaobeba chakula, hata ulioshe mara kumi.

Maji yanaingia

Isipokuwa Juni hadi Agosti, huku mvua haikuachi muda mrefu, kwa hiyo lawama hii haina msimu. Wengi husema mfuko "umetoboka." Kwanza angalia mdomo. Mifuko ya kukunja mdomo inataka mikunjo mitatu kamili, minne ni bora. Ukiujaza mpaka ukabaki mkunjo mmoja, maji yanapanda kwa njia ileile uliyopitishia nguo. Hilo ndilo kosa karibu kila mara, na dawa yake ni kupunguza vitu.

Mdomo ukiwa salama, subiri usiku, zima taa, tia tochi ya simu ndani ya mfuko. Tundu litawaka kama nyota. Au ufanye kinyume: mimina lita mbili za maji ndani, uning'inize, weka karatasi kavu chini. Utakuta matundu sehemu mbili: kwenye pembe ya chini ya nje, ambayo hugonga lava kila ukilaza baiskeli, na kwenye matundu ya skrubu za bamba. Matundu ya skrubu yanazibwa kwa washa ya mpira, unajikatia mwenyewe kutoka kwenye tyubu. Pembe inahitaji kiraka.

Kuhusu kiraka, watu wanapoteza viraka vingi bure. Gundi ya tyubu ni ya mpira. Kwenye mfuko wa PVC, ule unaofanana na turubai la lori, kiraka chake kitashika siku tatu kisha kitabanduka kama ganda la ndizi. PVC inataka gundi ya PVC. Uliza kwa wanaotengeneza maturubai ya malori. Wanayo, na kipande cha turubai watakukatia. Sugua pande zote mbili kwa msasa laini, futa vumbi kwa spiriti, paka, subiri ikauke kidogo, bandika, weka jiwe juu mpaka kesho. Jiwe tunalo.

Mifuko ya kushonwa, hata kama kitambaa hakipitishi maji, itavuja kwenye mshono siku moja, kwa sababu kila tundu la sindano ni tundu. Mifuko ambayo mishono yake imeyeyushwa kwa joto haina matatizo hayo. Ndiyo hoja kubwa ya mifuko kama ya Ortlieb, kampuni ya Ujerumani iliyoanza 1982: imeunganishwa bila sindano, na kulabu, vifungio na mikanda yake huuzwa kipande kimoja kimoja. Carradice ya Uingereza inakwenda njia nyingine, pamba nzito iliyopakwa nta. Inashonwa, inavuja kidogo, lakini fundi viatu yeyote anaweza kuitibu kwa sindano, na huko Rutshuru hilo lina thamani kuliko kutovuja. Mimi kwa kazi ya mjini nachukua PVC. Kwa safari ya wiki mbili nachukua kile kinachoshoneka.

Na hata mfuko uwe mzuri kiasi gani, kompyuta na karatasi za ofisi ziingie kwenye mfuko mwingine wa plastiki ndani, na zisiguse chini. Chini huwekwa nguo.

Keria inalia, inalegea au inakatika

Watu huniletea mfuko wakati ugonjwa uko kwenye keria. Kama mfuko umekaa imara na bado unasikia kelele, shika keria yenyewe uitikise kushoto na kulia.

Boliti zilizolegea ndizo za kwanza. Barabara zetu zinafungua boliti kama mtu mwenye spana. Kaza zote baada ya kilomita 50 za kwanza, kisha kila Jumapili. Boliti ambayo haikai hata ukikaza, paka gundi ya kushika nyuzi za boliti au uweke nati yenye nailoni upande wa pili. Upande wa mnyororo kuwa makini na urefu: boliti ndefu inatokeza ndani na kugusa mnyororo kwenye gia ndogo kabisa.

Halafu kutu. Volkano yetu ya Nyiragongo inatoa gesi ya salfa, mvua inaibeba na kushuka ikiwa na asidi, na kama mabati ya nyumba zetu yanavyoliwa ndivyo boliti za bei rahisi zinavyoliwa. Mara moja tu badilisha zote ziwe za chuma kisichoshika kutu, milimita 5. Za milimita 4 usikubali hata fundi akikuambia zinatosha. Kwenye njia ya Rusizi, karibu na Karongi, boliti yangu ya chini ilikatika ikabaki kipande ndani ya tundu la fremu. Nilifunga mguu wa keria kwa mpira wa tyubu na kutembea hivyo siku nzima, nikiwa nimehamishia vitu vizito kwenye mifuko ya mbele. Tangu siku hiyo nina boliti nne za akiba, zimefungwa kwa utepe chini ya kiti.

Mwisho, bomba lenyewe limepasuka. Hapa uamuzi wa siku ya kununua unarudi. Keria ya chuma inachomelewa na fundi yeyote mwenye mashine, Sake au Minova. Ya aluminiamu inataka mashine na mkono wa namna nyingine, na hata ikichomelewa vizuri pale penye joto hupoteza nguvu. Kwa hiyo kama unakwenda mbali, chuma. Keria za Tubus za Ujerumani ni nyembamba na ni nyepesi kuliko zinavyoonekana kwa sababu ni chuma cha kromoli, lakini hata keria nzito ya soko letu, ikiwa ya chuma na miguu yake mitatu kila upande, inavumilia.

Simama na umwone fundi: kama ufa uko kwenye fremu, hasa pale tundu la keria linapokutana na mahali pa ekseli, kama boliti imekatikia ndani ya fremu (kuitoboa mwenyewe ni kuharibu nyuzi za tundu), na kama keria imepakwa zinki na mtu anataka kuichomelea ndani ya nyumba. Moshi wa zinki unaleta homa kali. Isuguliwe kwanza, ichomelewe nje, na wewe usisimame unakoelekea upepo. Fremu yenye ufa haipandwi, hata kwa "hapa karibu tu."

Baiskeli inayumba ukishika kasi

Unashuka, mkono unatetemeka, mbele kunacheza kama mkia wa samaki. Punguza mwendo kwa breki zote mbili polepole, bana bomba la juu la fremu kwa magoti. Itatulia.

Kisha fungua mifuko. Karibu kila mara vizito viko juu au nyuma sana. Mafuta, vifaa na maji vishuke chini kabisa na kuja mbele, karibu na ekseli. Mfuko mmoja tu wa upande mmoja nao unayumbisha. Ukiwa na mzigo mdogo ugawe. Kwa safari ndefu hamishia hata theluthi moja ya uzito kwenye mifuko ya mbele. Kama ugawaji ni mzuri, rudi kwenye ile nafasi ya kulabu, kisha upepo wa tairi la nyuma.

Ndugu zetu wa chukudu hawajasoma haya popote na wanayajua. Watazame wanapofunga gunia: mpira unazungushwa na kuvutwa mpaka mzigo na mti vinakuwa kitu kimoja, halafu wanausukuma kwa mguu kuhakikisha. Wakiona unacheza hata kidogo, wanafungua wote na kuanza upya. Ile sanamu ya chukudu yenye rangi ya dhahabu pale mzunguko inawastahili.

Ukishafanya yote na bado inayumba, usijaribu tena mteremko. Hapo ni beringi za gurudumu au za usukani, au ufa wa fremu, na hiyo ni kazi ya fundi.

Kisigino kinagonga mfuko

Kabla ya kununua, panda baiskeli, weka pedali nyuma kabisa, mtu mwingine ashike mfuko kwenye keria. Baiskeli za milimani zina fremu fupi nyuma, sentimita 42 hadi 44 hivi kutoka mhimili wa pedali hadi ekseli ya nyuma, wakati za safari zina 45 na zaidi. Sogeza kulabu za juu kwenye reli yake ili mfuko urudi nyuma. Sentimita mbili zinatosha wengi. Haikufaa, chagua mfuko uliokatwa mshazari upande wa mbele, au mifuko midogo inayotengenezwa kwa gurudumu la mbele uiweke nyuma. Keria ya kurefusha kwa kuchomelea vipande sishauri. Inapeleka uzito nyuma ya ekseli, na tumeshaona unazaa nini.

Zipu na jua

Zipu isiyoshika meno bado haijafa. Kilichochoka ni kile kigari kinachotembea. Kioshe, kisha kibane kwa koleo kidogo sana pande zote mbili. Mara nyingi kinarudi. Kikikataa, fundi viatu anakibadilisha bila kugusa zipu nzima. Lakini kwa unga wetu, kama una uhuru wa kuchagua, chagua mfuko usiotegemea zipu kufunga mdomo mkuu.

Jua linachosha nailoni kuliko poliesta. Kitambaa kikianza kupauka na kutoa sauti kama karatasi ukikikunja, kimekwisha, hakuna kiraka. Mifuko iliyoshonwa kwa magunia ya plastiki inakwenda haraka zaidi. Inafaa kwa mzigo wa siku, haifai kuachwa uani.

Ukinunua mtumba, au ukijitengenezea

Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, utapata mifuko iliyotoka Ulaya, mingine mizuri sana. Usianze na uso wake. Geuza mgongo. Kunja bamba. Pitisha ukucha kwenye mikunjo ya kulabu. Hesabu kulabu: mbili za juu, moja ya chini. Angalia kama zimeshikwa kwa skrubu au riveti. Tia mkono ndani uguse rangi ya ndani; ikinata kama gundi, ule utando wa kuzuia maji umeanza kuoza na hakuna wa kuurudisha. Pembe iliyotoboka isikutishe, inazibika. Bamba lililopasuka ndilo la kushusha bei au kuondoka.

Na asiye na fedha ya hayo yote achukue mabidoni mawili ya manjano ya lita 20. Kata upande mmoja mpana kwa pande tatu, uache wa nne uwe bawaba. Toboa mgongo, funga vipande viwili vya chuma bapa vilivyokunjwa kama kulabu, boliti za milimita 5, washa pana ndani na nje, utepe wa tyubu kwenye bomba la keria. Chini, mpira wa tyubu wenye ndoano uuvute mpaka mguu wa keria. Mabidoni hayana mshono wa kuvuja, lava hayaiogopi, na ukiyagonga yanarudi. Yangu yana miaka minne, yamebadilishwa utepe mara saba au nane, na vifuniko vyake nimevitia mpira pembeni mwaka jana baada ya mvua kuniingilia kutoka Mugunga.